Siyo Uchovu, Daktari

Jumanne, 6 Agosti 1974

Daftari jipya. Lile la kisomo cha watu wazima limejaa, nimelitia chini ya godoro. Hili ni langu peke yangu. Atakayelifungua bila ruhusa yangu, shauri yake. Asije akalalamika kwa atakayoyakuta.

Mwalimu wetu wa kisomo alituambia tuandike kila siku, hata mistari miwili, ili mkono usisahau. Mwalimu mwenyewe ni Zamda, binti ya wifi yangu Kuluthumu. Ana miaka ishirini na mbili. Kwa miaka miwili amenisahihisha kwa kalamu nyekundu, mimi ninayeweza kumzaa! Leo amekuja na habari. Posa imekubaliwa, anaolewa na kijana wa reli anayefanya kazi Tura. Harusi Ijumaa tarehe 13 Septemba, kabla Ramadhani haijaingia. Atawekwa ndani siku saba, kuanzia tarehe 6. Na anataka nimfunde mimi.

Amesimama mlangoni akasema, "Shikamoo, somo." Si mkaza mjomba tena, somo. Nimeitikia marahaba.

Maana mimi ni kungwi. Miaka kumi na minane nafunda mabibi harusi hapa Kanyenye, mjini Tabora: usafi, mapishi, adabu za ukweni, na mambo ya chumbani ambayo mama mzazi haruhusiwi kuyatamka. Mume wangu Abbasi ni fundi seremala, anatengeneza vitanda vya mninga. Watu hututania. Mume anatengeneza kitanda, mke anatengeneza wa kulala juu yake. Sisi hucheka nao.

Mwaka huu niliugua. Haikuwa homa. Tangu Januari hadi Aprili nilikaa mkekani nikitazama ukuta. Sikuchana nywele. Sikupika. Kila aliyekuja aliuliza nani amekufa. Hakuna aliyekufa! Walitaka sababu, nami sikuwa nayo, nikaona aibu kwa kutokuwa nayo. Mwisho Abbasi alinipakia kwenye baiskeli akanipeleka hospitali. Daktari wa maradhi ya akili anakuja kwa garimoshi kila baada ya wiki nne, siku ya Alhamisi. Akanipa vidonge vidogo vya rangi ya tofali, viwili asubuhi, kimoja jioni. Siku moja mwezi wa Juni nikasikia harufu ya vitunguu vikikaangwa kwa jirani, nikataka kula. Nililia kwa sababu ya vitunguu.

Kwa hiyo vidonge sivitukani. Vilinitoa shimoni. Mdomo unakauka, mikono inatetemeka nikitunga shanga, sawa, nimekubali. Lakini kuna kitu kingine vimekichukua. Nitakiandika kesho, mkono umechoka.

La, naandika leo! Nikiwa na mume wangu, sifiki. Si kwamba simtaki. Namtaka. Napanda, napanda, karibu nifike — kisha kimya. Hakuna kitu. Kila mara, tangu Mei. Mimi! Kungwi!

Jumatano, 7 Agosti

Abbasi anajua.

Mchana baada ya chakula tulijifungia. Nilipoona tena mambo yananyamaza, nikafanya ninavyowafundisha wasichana. Nikatoa sauti. Pumzi kidogo, jina lake, pumzi tena. Nimefundisha sauti hiyo kwa miaka kumi na minane, naijua kuliko jina langu.

Akaacha. Akanitazama. Akasema, "Mama Shomari, huo ni mlio wa darasani."

Karakana yake na chumba ninachofundia vinagawana ukuta wa mbao. Miaka yote hiyo anapiga randa, anasikia! Hajawahi kusema hata siku moja. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Halafu kicheko kikageuka, nikashindwa kukizuia. Alinipangusa kwa ncha ya shuka. Akasema hataki nimfanyie hivyo tena, bora niseme hapana. Nikamwambia siyo hapana. Ni vidonge. Nina hakika ni vidonge.

Basi kamuulize daktari, akasema. Kesho ni Alhamisi yake.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimerudi kutoka hospitali. Nina hasira, naandika kwa nguvu mpaka karatasi inatoboka.

Benchini wanawake walikuwa wakisimulia unga wa njano, ule wa msaada wa njaa. Mmoja anasema unanuka, mwingine anasema afadhali unaonuka kuliko kukosa. Nikaitwa. Daktari ni kijana, anaitwa Dionis. Mpole, viatu vinang'aa. Muuguzi wake, Sista Pelagia, husimama dirishani na mafaili. Daktari akauliza, unalala? Nalala. Unakula? Nakula. Kazi unafanya? Nafanya. Vizuri sana mama, una tatizo jingine?

Nikamwambia. Sikutumia neno baya hata moja. Nilisema hivi hivi: tangu nimeze dawa hii, nikiwa na mume wangu raha haifiki mwisho.

Kalamu ikamdondoka! Akainama kuitafuta chini ya meza, akakaa huko muda mrefu. Alipoinuka masikio yalikuwa mekundu. Akasema mama, katika umri wako uchovu ni jambo la kawaida. Nina miaka arobaini na moja. Nikamuuliza, dawa haiwezi kufanya hivyo? Akasema kwa wanaume, ndiyo, inajulikana, wanaume huwa tunawauliza. Na wanawake? Hakuna mwanamke aliyewahi kulalamika.

"Mimi ni mwanamke," nikasema. "Nimelalamika sasa hivi."

Akaandika kwenye cheti. Kisomo ni kitu kikubwa, nilisoma juu chini kutoka upande wangu wa meza. Ameandika: *Analalamika uchovu.* Nikamwambia siyo uchovu, daktari. Akasema tuendelee na dawa ile ile.

Kwenye dirisha la dawa Sista Pelagia alinijia karibu, akijifanya anahesabu vidonge. Akaninong'oneza, wewe ni wa nne. Wa nne katika nini? Wa nne kuniambia jambo hilo. Wale watatu waliniambia mimi, yeye hawakumwambia. Kwa nini hukuandika, nikamuuliza. Akasema yeye haruhusiwi kuandika kwenye cheti cha mgonjwa. Anayeandika ni daktari.

Kwa hiyo tuko wanne, na kwenye karatasi hatupo hata mmoja.

Ijumaa, 9 Agosti

Basi sivimezi.

Nimevitia na chupa yake kwenye kopo la shanga, juu ya kabati. Sijamwambia Abbasi. Nataka kujua mwenyewe. Seremala akitaka kujua ubao upi umepinda anautoa pembeni anautazama. Nami nautoa.

Jumatano, 14 Agosti

Nimefika!

Naandika nikicheka peke yangu. Mchana, saa nane, mlango umefungwa, jua linapenya kwenye tundu la bati. Abbasi hakusikia mlio wowote wa darasani, kwa sababu nilisahau masomo yote. Baadaye akasema, karibu tena nyumbani. Ni yeye aliyesema hivyo, mtu asiyependa maneno mengi.

Kisha akaenda karakana anapiga mluzi, akakata mguu mmoja wa kitanda cha mteja mfupi kuliko mitatu. Namsikia sasa hivi anavyojilaani.

Nilikuwa nasema kweli! Si umri. Si uchovu. Si baridi ya damu. Ni dawa.

Jumatatu, 19 Agosti

Sijachana nywele.

Abbasi ameuliza mbona chai haina majani. Sikuona kama haina majani.

Ukuta una ufa mpya.

Alhamisi, 22 Agosti

Navimeza tena tangu juzi. Ni shauri la Abbasi, na langu pia, nusu kwa nusu.

Alinikuta uani nimekaa mbele ya beseni la nguo. Nilikuwa nimekaa hapo tangu asubuhi, maji yamepoa, povu limekwisha, sijafua hata leso moja. Hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja kwenye kopo la shanga. Alijua! Kumbe alijua tangu siku ya kwanza, alinyamaza kwa sababu na yeye alikuwa na furaha. Hilo limemuuma, niliona. Akaviweka viwili kiganjani mwangu na kikombe cha maji.

Akasema miezi minne ile hakunikosa kitandani. Alinikosa mezani. Alikuwa anakula na mtu ambaye hayupo. Kitanda kinaweza kungoja, alisema.

Nilimeza. Halafu nikamwambia, mbona kingoje? Kwa nini nichague? Mtu akivunjika mguu wakamtibu, hawamwambii achague mguu au mkono. Nataka akili yangu na nataka mwili wangu. Vyote viwili ni vyangu, nilizaliwa navyo. Daktari atafute dawa nyingine, au apunguze hii, au atafute kitabuni. Ndiyo kazi yake.

Abbasi akasema nimeanza kupona, nina ukali.

Jumapili, 25 Agosti

Kumbe Abbasi alikwenda kwa dada yake! Ile wiki nilipokaa kwenye beseni. Alitaka dua tu, anasema, hakueleza kila kitu. Lakini Kuluthumu humwambii nusu ya jambo. Alimkamua yote.

Leo wifi amekuja amejifunga kanga mbili, jambo ambalo huwa linamaanisha ameamua kitu. Shikamoo wifi. Marahaba. Hakukaa. Akasema ameupata ugonjwa wangu. Nina jini mahaba. Jini mwanamume, ameniposa bila watu kujua, ana wivu. Ndiyo maana nilikaa nikitazama ukuta, nilikuwa nazungumza naye. Ndiyo maana sina raha na mume wangu, jini anaizuia. Ndiyo maana nilipoacha dawa raha ilirudi siku chache kisha nikaanguka vibaya zaidi, jini alikuwa ananichezea.

Nakiri, hadithi yake imepangika vizuri kuliko ya daktari! Kila kipande kimekaa mahali pake. Ila si kweli.

Kisha akatoa lililomleta. Mwenye jini mahaba hawezi kukaa na bibi harusi siku saba ndani ya chumba kimoja. Jini atamwona msichana, atamhamia. Zamda atafundwa na Bi Sikuzani wa kule karibu na sokoni.

Bi Sikuzani! Anayewafundisha wasichana kulala wamefumba macho na kuhesabu mbao za dari!

Nikamwambia ni dawa, wifi, haki ya Mungu ni dawa tu. Akasema kama ni dawa, aliyeitoa alete karatasi. Siku hizi hata sukari hatupewi bila karatasi ya balozi wa nyumba kumi. Wewe unataka mwanangu nikukabidhi kwa maneno matupu?

Amesema sawa. Cheti ninacho. Kimeandikwa uchovu.

Jumanne, 27 Agosti

Nimekutana na Zamda kwenye foleni ya sukari. Duka la ushirika lilikuwa halijafunguliwa, foleni imefika kwa fundi viatu. Tulisogea pembeni, tukaweka vikapu vyetu vitushikie nafasi.

Akasema mama yake ameshazungumza na Bi Sikuzani, lakini yeye hajakubali. "Nataka wewe, somo. Ila niambie kweli. Ukinidanganya nitajua, nimesahihisha daftari lako miaka miwili."

Sijawahi kumwambia bibi harusi habari zangu mwenyewe. Kungwi hasemi yake. Kungwi ni mwanamke asiye na shida, ndiyo maana anafundisha, ndivyo nilivyofundwa na aliyenifunda. Nikasimama pale juani na kikapu changu kiko mbali, nikamwambia yote. Ukuta, vidonge, raha iliyokatika, mlio wa darasani. Sauti chini chini, wanawake wengine wakidhani tunazungumza mapishi ya harusi.

Zamda hakucheka. Kwenye mlio wa darasani alicheka, lakini kidogo. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna msichana aliyewahi kuniuliza: siku raha ikikosekana, mke aseme nini?

Kwa miaka kumi na minane jibu langu limekuwa moja. Asiseme. Afunike kwa sauti, mume asione upungufu. Nimewafundisha wangapi hivyo? Tabora imejaa wanawake wanaotoa mlio wangu, na Mungu peke yake ndiye anayejua wangapi wanafika. Nilijisikia vibaya sana, sitaki kuficha.

Nikamwambia Zamda, aseme. Aseme kwa mumewe, na ikiwa ni ugonjwa au dawa, aseme kwa daktari, kwa maneno safi, akimtazama usoni. Akauliza, na daktari asipoandika? Nikasema bado sijafika kwenye somo hilo.

Foleni ikaanza kwenda. Sukari ilikwisha watu sita mbele yetu.

Jumamosi, 31 Agosti

Wamekuja! Mchana kweupe. Wifi Kuluthumu mbele na chetezo cha ubani, nyuma yake Mzee Mabruki, fundi wa majini, na ngoma yake begani. Abbasi yuko karakana, nikasikia randa imesimama.

Ningeweza kuwafukuza. Lakini Mzee Mabruki ni mtu mzima, namheshimu, na alinizikia baba. Nikamwamkia, nikamtandikia mkeka, nikampa kahawa. Wifi akawa anazungusha chetezo chumbani mpaka macho yakatuwasha wote.

Mzee akaniuliza kwa upole, mgeni wako anaitwa nani mwanangu? Nikajibu, hana jina refu. Ni mwekundu kama tofali, mdogo kuliko punje ya hindi, amekuja kwa garimoshi. Akauliza, anataka nini? Nikasema, anataka maji kikombe kimoja, asubuhi na jioni. Nikaenda kuchukua chupa nikamwekea mkononi.

Akavitazama muda mrefu. Akaniuliza kama ni kweli vilinitoa kwenye ule ukimya wa masika. Nikasema ni kweli. Akauliza na hilo jingine, kwamba vimeikatiza raha? Nikasema na hilo ni kweli. Akarudisha chupa, akamwambia Kuluthumu kwamba jini huyu hamjui, na ngoma yake haina uwezo kwa vitu vya hospitali. Akamalizia kahawa, akaomba ya pili.

Nilidhani nimeshinda! Wifi alimsindikiza mpaka barabarani kisha akarudi peke yake. Akasema Mabruki amezeeka, anaogopa. Yeye ni mama. Ana binti mmoja tu. Alilisema hilo kwa sauti nyingine, si ile ya kanga mbili, nikaona anaogopa kweli. Anaogopa Zamda naye atakaa mkekani anatazama ukuta, huko Tura, mbali naye. Hapo hasira ikanipungua. Nilikuwa sijafikiria kwamba miezi ile minne na yeye alikuwa anakuja kila siku na bakuli la uji, na kila siku anarudi nalo limejaa.

Lakini sikubadilisha neno. Nikamwambia, Alhamisi twende wote hospitali, utaiona karatasi kwa macho yako. Akasema sawa. Akasema na isipokuwepo, Ijumaa Bi Sikuzani ndiye anayeingia ndani na mwanangu.

Hajui kusoma, wifi. Alikataa kisomo, alisema kalamu ni ya watoto. Zamda ndiye atakayemsomea.

Jumatano, 4 Septemba

Nimefua kanga ya kwendea hospitali. Nimesuka nywele. Abbasi amenichongea kipande cha mninga cha kuegemezea daftari nikiandika, hakusema ni cha nini, amekiacha juu ya kabati karibu na kopo.

Nimejaribu mbele ya kioo maneno nitakayosema kesho. Mara ya kwanza yalitoka kama maombi. Mara ya tatu yalitoka vizuri.

Alhamisi, 5 Septemba

Naandika hapa hapa benchini hospitali. Daftari liko juu ya kibao cha Abbasi. Wifi Kuluthumu amekaa kushoto kwangu, mkoba kifuani, anauliza naandika nini. Nimemwambia mapishi.

Nimeshaonana na daktari. Naandika upesi kabla sijasahau.

Nilianza mimi, sikungoja aulize nalala au silali. Nikasema nilikwambia mwezi uliopita jambo, ukaandika jingine. Nikamweleza nilivyoacha dawa, siku ya tano raha ilivyorudi, siku ya kumi nilivyokaa kwenye beseni. Hapo alisikiliza sawasawa, nasema ukweli wake. Aliinua macho. Akasema nisiache dawa tena ghafla, ni hatari. Nikasema nimeiona hatari yake. Akasema tunaweza kupunguza kidonge cha jioni, tuone mwezi ujao. Nikasema ahsante, hilo nalitaka. Akapiga hesabu, akaandika.

Nikasema sasa andika na sababu.

Akasema haina haja. Nikasema ina haja, kuna watu wanangoja kuisoma, mmoja amekaa nje kwenye benchi. Akasema mama, cheti hiki kinapita mikono mingi, makarani, wakubwa, nitaandikaje neno kama hilo? Nikamuuliza, neno lipi? Akafungua mdomo. Akafunga. Daktari mzima, amesoma mpaka ng'ambo! Hana neno. Nikamwambia mimi ninalo, safi kabisa, nitakutajia herufi moja moja. Nikaanza: r, a —

Akasimama. Akasema anaitwa wodini. Sikusikia mtu yeyote akimwita. Sista Pelagia alikuwa dirishani, akageuka akatazama mlango ukifungwa.

Cheti kilibaki mezani. Nikakichukua, si ni cha kwangu? Nikaja nacho benchini.

Nimekisoma. Kidonge cha jioni kimefutwa, vizuri. Chini yake: *Uchovu, kama awali.*

Wifi ananiuliza, ndiyo hiyo? Inasemaje? Nikamwambia bado haijakamilika. Zamda yuko getini na baiskeli ya mjomba wake, anatungoja. Kesho saa mbili asubuhi anaingia ndani. Ama na mimi ama na mbao za dari za Bi Sikuzani.

Ningeweza kumwambia wifi uongo. Hajui kusoma. Lakini Zamda anajua, na nimemwambia mke aseme kweli. Nimekaa hapa na uongo wa daktari mkononi, na kalamu ya kuandikia daftari hili katikati ya vidole. Miaka miwili iliyopita nisingeweza kufanya kitu. Ningeweka dole gumba kwenye wino, ningekwenda nyumbani.

Nimeandika.

Nimepiga mstari juu ya uchovu, mmoja, ulionyooka, kama Zamda alivyotufundisha kufuta kosa ili mwalimu aone kosa lilikuwa lipi. Chini yake, kwa herufi kubwa za kisomo:

SIYO UCHOVU. DAWA HII IMEZUIA RAHA YANGU YA NDOA TANGU MEI. NILIPOIACHA RAHA ILIRUDI, NA UGONJWA UKARUDI. NATAKA KUPONA BILA KUPOKONYWA. MWANAHAWA BINTI SAIDI, MKE WA FUNDI ABBASI, KANYENYE.

Mkono haukutetemeka. Herufi N mbili zimekaa upande, basi.

Wifi anasema mapishi gani haya yanakutoa jasho. Mwanamke wa kulia kwangu ananyoosha shingo. Simjui. Amevaa rozari. Amesoma, nadhani amesoma yote, maana ameacha kusogea. Mkononi ana chupa ndogo. Naona rangi ya tofali.

Dirisha la dawa limefunguliwa. Wameita jina langu.

Nimerudi kukaa. Nimempa Sista Pelagia cheti. Sikumweleza lolote. Anasoma. Anasoma polepole. Ameufikia mstari niliofuta, amepitisha kidole juu yake. Daktari anakuja kwenye ukumbi, viatu vyake navisikia, na wifi amesimama, anataka kujua kwa nini karatasi imekaa muda mrefu hivyo kwa muuguzi.

Pelagia ametoka dirishani. Anakuja hapa benchini, na cheti changu. Sijui kama anakuja kukichana.

Hapana. Amekigeuza upande wa pili, usioandikwa kitu. Amekiweka juu ya kibao cha Abbasi, juu ya daftari hili, nimekisogeza kidogo ili nimalize mstari. Amesema, wale watatu nayakumbuka majina yao.

Amenyoosha mkono. Anataka kalamu. Hii hii ninayoandi